Kiti cha Bi Pindo

Kiti kililetwa mchana kweupe, kimefunikwa shuka safi, na Fundi Cheche mwenyewe akitembea mbele ya mkokoteni akiwaambia watoto wa mtaa wapishe. Angeweza kukileta jioni baada ya kufunga karakana, lakini alitaka majirani waone. Na waliona. Walitoka vibarazani na mikono yenye povu la sabuni, wakamfuata hadi uani, na shuka lilipovuliwa wakaguna wote kwa kustaajabu. Mtoto wa kiume akimfanyia mama yake jambo la namna ile, watu watakosaje kuguna?

Kilikuwa kiti hasa. Mabomba yake yalikuwa manene, yamesuguliwa mpaka yakang'aa, na mgongo wake ulikuwa na sponji lililovikwa ngozi ya bandia. Chini ya mto wa kukalia palikuwa na tundu, na chini ya tundu reli mbili za kutelezesha beseni, ili mama asihangaike tena kuvuka ua kwenda chooni. Mbele, kutoka mkono mmoja wa kiti hadi mwingine, ilipita nondo iliyovishwa mpira na kufungwa kwa komeo upande wa nje, ili asije akainuka akaanguka tena kama alivyoanguka wiki iliyopita. Na ubavuni, kulia na kushoto, Cheche alikuwa amekaza kwa bolti vyuma viwili vyenye nakshi ya maua ambavyo kila mtu pale uani alivitambua. Ilikuwa miguu ya cherehani ya mama yake.

Mke wa Cheche alikuwa barazani na kichwa cha mteja kati ya magoti yake. Yeye alikuwa msusi, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Msusi. Alipoziona zile nakshi vidole vyake vilisimama katikati ya msuko. Kisha akaendelea kusuka. Mke anayemkosoa mumewe mbele ya umati, siku anayopongezwa kwa kumtunza mama, atakuwa amejitafutia maneno ya mwaka mzima.

Bi Pindo alitolewa ndani akiwa ameshikwa makwapa, akaketishwa. Alikuwa ametoka kuugua homa ya mapafu iliyomlaza kitandani muda mrefu, na ndiyo iliyomwacha na magoti yanayocheza. Jina lake alilipata kwa pindo zake za nguo, zilizonyooka hata baada ya nguo yenyewe kuchakaa, na hakuna sare ya shule mtaani pale ambayo haikuwahi kupita mikononi mwake.

"Pedeli umeiweka wapi?" aliuliza, akipapasa ile nakshi ubavuni.

"Ipo karakana, mama. Haina kazi tena. Umeshakanyaga vya kutosha."

Komeo likalia. Bi Pindo akaitazama nondo iliyomkata tumboni, akamtazama mwanawe.

"Umenifunga kama duka lililokosa leseni."

Watu wakaangua kicheko. Cheche alicheka kuwashinda wote, na huku anacheka machozi yalikuwa yanamlengalenga. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akaishika miguu yake miwili iliyovimba.

"Sasa pumzika, mama," alisema. "Mwanao nipo. Pumzika."

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Nalisema hili mapema, kwa sababu baadaye watu walitafuta wa kumlaumu.

*

Aliyeishi na kiti kile kutwa nzima alikuwa Msusi. Cheche alikwenda karakana asubuhi na kurudi jua likizama, akamkuta mama yake amenyooshwa nguo, amepakwa mafuta, amekaa kama picha. Hakuwahi kuliona beseni. Msusi ndiye aliyelichomoa, akalifunika kitambaa, akalipitisha barazani mbele ya wateja wake, nao wakageuza nyuso upande kwa adabu. Adabu ile ilimuuma Bi Pindo kuliko matusi. Alikuwa anaiona kupitia dirishani.

Ndipo akaanza kukataa maji.

"Kunywa, mama. Joto kali leo."

"Nimekunywa."

"Saa ngapi?"

"We mtoto, umekuwa askari?" Kisha, akiona Msusi haondoi kikombe, akashusha sauti. "Nikinywa, utapita nalo tena pale mbele za watu. Nimewapima wale wanawake viuno tangu ni wasichana. Sasa wanajua mpaka harufu yangu."

Msusi alikaa chini kwenye mkeka.

"Sitaki makubwa, mwanangu," Bi Pindo alisema. "Sitaki kushona, sitaki kutembelea mtu. Nataka kwenda chooni kwa miguu yangu mwenyewe, nifunge mlango. Basi."

Siku ya kurudi kliniki kuangaliwa mapafu, daktari alisikiliza kifua akaridhika, lakini alipoiona miguu aliwapeleka chumba cha pili kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viganja vigumu, na hakuwa na maneno mengi. Alimwambia Bi Pindo akunje mikono kifuani na kuinuka kwenye benchi. Bi Pindo akainama mbele, akajikaza, mishipa ya shingo ikamtoka. Kalio halikuacha benchi.

"Tangu lini yuko hivi?"

"Alikuwa anasimama akishikilia ukuta," Msusi alisema. "Hata siku aliyoanguka alikuwa anatembea. Tangu aketishwe kwenye kiti ndiyo hivi."

"Anakaa kutwa?"

"Kutwa. Mume wangu amemtengenezea kiti. Apumzike."

Mtaalamu alilishika paja la Bi Pindo kwa vidole, akalibonyeza, akamwonyesha Msusi jinsi ngozi ilivyobaki inaning'inia.

"Msuli wa mtu mzima ukilazwa unayeyuka upesi, na wa mzee upesi zaidi. Halafu si kwamba unakonda tu. Ndani ya msuli, kwenye kila chembe yake, kuna majiko madogo sana, hayaonekani kwa macho. Ndiyo yanayochoma chakula kikawa nguvu. Mwili ukiona mtu hasimami, hatembei, unasema majiko haya ya nini? Unayapunguza. Basi mama anakula vizuri lakini anaamka amechoka, anasinzia, hana hamu."

"Si uzee huo?"

"Uzee umo. Lakini nusu ya huu unaouona hapa ni kukaa. Mzee akifanya mazoezi mara kwa mara, msuli unajijenga na majiko mengine mapya yanawashwa, hata kama amekula chumvi nyingi kiasi gani. Hatakuwa msichana. Lakini kuinuka kitini na kwenda chooni, hilo linawezekana."

Bi Pindo aligeuza kichwa aliposikia neno chooni.

"Mwanangu, rudia hapo," alisema.

*

Jioni ile Msusi alimsubiri mumewe ale, ashibe, aoshe mikono. Akamweleza yote taratibu: kuinuka na kukaa, kutembea akishikwa, kunyanyua vitu vidogo, mayai na maharage kwa wingi, kila siku bila kukosa. Cheche alisikiliza akichokonoa jeraha la moto kidoleni.

"Wewe unajua beringi?" aliuliza mwishowe.

"Beringi imeingiaje hapa?"

"Beringi ya gurudumu ikizunguka sana inakwisha. Unasikia inalia. Fundi mwenye akili akiisikia inalia anapunguza mzigo, idumu. Hamwagi mchanga juu yake." Alielekeza kichwa chumbani kwa mama yake. "Mama amekanyaga ile pedeli tangu sijazaliwa. Nimelala kwa mlio wake, nimeamka kwa mlio wake. Nilikuwa mdogo nikaapa, siku nitakayoshika kazi, yule mama hatakanyaga tena kitu. Leo nimeshika kazi, mtu wa kliniki anataka nimchezeshe kwata?"

"Mama mwenyewe anataka."

"Mama anataka kwa sababu hajazoea kutunzwa."

Akampigia simu dada yake, aliyeolewa mji mwingine, akaweka sauti ya wazi ili mkewe naye asikie. Wifi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wifi," alisema, "mimi siko hapo, siwezi kukuzuia. Ila akianguka mikononi mwako, tutajua la kusema."

"Sawa," Msusi alisema. Alimwelewa vizuri sana. Mwana akimwangusha mama yake ni bahati mbaya. Mkwe akimwangusha, ni habari nyingine kabisa.

*

Asubuhi, mumewe alipopinda kona, Msusi alisimama mbele ya kile kiti. Bi Pindo alikuwa anamwangalia.

"Ukiogopa, acha," mama mkwe alisema. "Sitakulaumu."

Msusi akapiga moyo konde, akavuta komeo.

Siku za kwanza zilikuwa za aibu tupu. Bi Pindo alijikaza akajamba, wakacheka wote wawili mpaka wakalazimika kupumzika. Msusi alimwekea mito miwili juu ya kiti ili asiinuke kutoka chini sana, akampa mikono, akasimama mbele yake miguu ameitanua kama mtu anayezuia ng'ombe. Kuinuka, kukaa. Kuinuka, kukaa. Bi Pindo hakupenda kuhesabu. Alitaja wateja wake wa zamani, kila akiinuka mmoja. "Huyu mwenye makalio ya kuazima. Huyu aliyebadilisha gauni la harusi mara tatu, bwana harusi akachoka kabla ya gauni. Huyu sijui yuko wapi." Alipochoka alisema jina limemtoka kichwani, na Msusi akajua ni wakati wa kumketisha.

Baadaye mto mmoja ukaondolewa. Baadaye wote. Wakaanza kutembea, kitandani hadi mlangoni, mlangoni hadi barazani, ambako wateja walisogeza viti vyao na mmoja akaanza kupiga makofi. Akabeba chupa ya maji kila mkono. Akawa anaamka na njaa, anaomba yai la pili, anagombana na redio. Maji akanywa.

Halafu ikaja siku aliyosimama kwenye kizingiti cha ua na kuutoa mkono wake kwenye mkono wa Msusi. Choo kilikuwa upande wa pili, kupita kamba ya nguo na ndoo. Alikwenda polepole, kiganja kikigusa ukuta, akaingia. Mlango ukafungwa. Kikasikika kitasa kwa ndani. Msusi alibaki amesimama katikati ya ua, akalia kwa furaha, akajifuta kwa upindo wa kanga kabla mlango haujafunguliwa.

"Tumwambie leo," Msusi alisema, Bi Pindo alipotoka.

Bi Pindo akatikisa kichwa. Sura yake ilikuwa na ule ujanja wa zamani, wa kumwambia mteja nguo bado wakati imeshatundikwa nyuma ya mlango.

"Bado. Nataka nimfungulie mlango mwenyewe. Arudi kutoka kazini, abishe, nimfungulie. Nione uso wake."

Hilo ndilo kosa lao. Furaha iliwapumbaza, wakataka kuishona vizuri kwanza, ipigwe pasi, ndipo wamkabidhi mwenyewe.

*

Siku hiyo umeme ulikatika mapema, na fundi wa kuchomelea bila umeme hana kazi ya kufanya ila kuongea. Cheche alifunga karakana, akarudi nyumbani na mkate kwapani. Mkewe alikuwa barazani na mteja. Kitini hapakuwa na mtu, na nondo ilikuwa wazi.

Alipotokea uani alimwona mama yake mikono juu, kibanio mdomoni, anaanika shuka. Peke yake. Hakuna ukuta wala mtu karibu.

"Mama!"

Haikuwa sauti ya kuita, ilikuwa yowe. Bi Pindo aligeuka haraka, shuka lililolowa likamzunguka miguu, naye akaenda chini na mkono mbele. Mlio wa mfupa Msusi aliusikia kutoka barazani.

Ulikuwa kifundo cha mkono. Kliniki walimfunga plasta, wakasema ana bahati haikuwa nyonga. Lakini nani alisikiliza habari za bahati? Wifi alifika kesho yake na begi kubwa, na begi hilo lilipokuwa bado mlangoni, kikao kilikuwa kimeshaanza.

"Nilikwambia," wifi alisema.

"Wifi, mama alikuwa anatembea mwenyewe. Alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Mtaalamu alisema misuli ikitumika inajenga majiko..."

"Mama yangu amelala ndani mkono umevunjika, wewe unanieleza habari za majiko?"

Cheche hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa ameinamisha kichwa. "Uliniambia sawa," alimwambia mkewe. "Nilisema hapana, ukasema sawa. Kila siku narudi hapa, mnanikalisha, mnanilisha, kumbe mnanicheka."

"Hatukukucheka."

Kutoka chumbani ikaja sauti ya Bi Pindo. "Alipiga kelele, nikashtuka! Angeninyamazia ningemaliza kuanika!"

Ndugu wawili wakatazamana. Wifi akatabasamu kwa uchungu.

"Unaona? Mpaka kumtetea amemfundisha."

Nimeona watu wengi wakiambiwa ukweli waziwazi kwa sauti kubwa, na ukawapita. Wale wawili waliupitisha mlangoni ukaenda zake. Kwa sababu kama mama alisema kweli, basi aliyemwangusha alikuwa amekaa pale na chembe za mkate kwenye shati.

*

Kuanzia siku hiyo Msusi hakuruhusiwa kumgusa mama mkwe wake. Alipika, alifua, alisuka. Wifi ndiye aliyemwogesha mama, akamlisha kwa kijiko ingawa mkono wa pili ulikuwa mzima, akamwimbia. Alimpenda mama yake, wala asidanganye mtu kwamba hakumpenda. Na kwa sababu alimpenda, na kwa sababu Bi Pindo siku ya pili alijaribu kuvuta komeo kwa mkono uliobaki, wifi alichomoa kufuli dogo kwenye zipu ya begi lake na kulipachika kwenye komeo. Cheche alilitazama kufuli lile. Kisha akaenda kazini. Ufunguo ukaning'inia shingoni kwa dada yake.

Wateja wa Msusi walipungua. Mwanamke aliyemvunja mama mkwe mkono, ndivyo ilivyosemwa, ana mikono ya kumpa mtu kichwa?

Mara moja, wifi akiwa sokoni, Msusi aliingia chumbani akachuchumaa mbele ya kiti. Kufuli lilikuwa mahali pake.

"Mama, tufanye ukiwa umekaa. Nyoosha mguu mmoja. Nauzuia kidogo kwa mkono, wewe sukuma. Taja mtu."

Mguu ulinyooka kidogo, ukatetemeka, ukashuka.

"Yule wa gauni la harusi, mama. Mtaje."

"Mwache, mwanangu," Bi Pindo alisema, na haikueleweka kama alimaanisha yule bibi harusi au mguu. "Usigombane na watu kwa ajili yangu. Kuna siku nilifunga mlango. Inatosha."

Wiki zikaenda. Bi Pindo akawa analala asubuhi, analala mchana, na akiamka anauliza kama kumekucha. Kijiko kilipokuja alifungua mdomo. Redio iliongea ujinga wake bila kujibiwa. Maji alikunywa yote aliyopewa, na wifi alifurahi, akasema mama sasa ametulia. Msusi ndiye aliyejua maana yake. Siku moja alipita mlangoni wakati beseni linachomolewa, akaona kwamba mama mkwe wake hakuvuta nguo kufunika mapaja. Aliyaacha wazi, mlango wazi, macho dirishani. Msusi alikwenda jikoni akashika meza kwa mikono yote miwili.

*

Wifi alirudi kwake kwa sababu naye alikuwa na nyumba na watoto. Ufunguo aliuacha kwenye kiganja cha kaka yake. Siku ya kutoa plasta, Cheche ndiye aliyempeleka mama, na Msusi akafuata nyuma na pochi. Barabara ya magari ilikuwa na mashimo, akambeba mgongoni mpaka kituoni. Alikuwa amezoea kubeba mitungi ya gesi na mageti ya watu. Hatua za kwanza alisimama, akageuza shingo kuhakikisha mama yake yupo.

Mtaalamu wa viungo aliwakumbuka. Alimtazama Bi Pindo kwa muda mrefu bila kumgusa, kisha akamtazama Msusi, na Msusi akaangalia sakafu.

"Alikuja hapa nikamwambia huyu dada afanye nini," alisema. "Hakufanya?"

"Alifanya," Cheche alisema. "Mimi ndiye niliyekataza." Kisha, kwa vile yule mwanamke hakumtukana, akajieleza. Akaeleza habari ya beringi.

"Vua shati," mtaalamu alisema. "Inua mikono yote miwili."

Cheche akainua. Mkono wa kulia, wa nyundo, ulikuwa mnene kuliko wa kushoto. Kila mtu aliyewahi kumwona bila shati alijua hivyo.

"Huu wa kulia umeutumia zaidi au umeupumzisha zaidi?"

Mtaalamu aliubonyeza kwa vidole.

"Chuma ukikisugua kinaisha, hapo uko sawa, hiyo ni kazi yako. Huu mkono umeusugua miaka yote. Mbona haukuisha?"

Cheche aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Aliushusha taratibu, akavaa shati, akakosea kifungo.

"Atasimama?" aliuliza.

"Kuna kitakachorudi, tukianza leo. Sitakudanganya kwamba ni chote. Mara ile alikuwa chini lakini anataka. Sasa yuko chini zaidi, na simwoni akitaka."

Bi Pindo alikuwa amesinzia kwenye benchi, kidevu kifuani.

*

Cheche hakukipeleka kiti karakana. Alikifungulia pale pale uani, mchana, majirani wakiangalia, na safari hii hawakuguna. Kufuli alilikata. Nati alizilegeza moja moja kwa spana, nyingine zimeshaanza kutu kwa sababu ya maji ya beseni, akavitoa vile vyuma vya nakshi, akaviosha. Kutoka karakana alileta mfuko uliokuwa chini ya benchi lake, na ndani ya mfuko mlikuwa na pedeli na gurudumu. Alipaka grisi, akakaza. Msusi alikitoa kichwa cha cherehani juu ya kabati, akakifuta vumbi. Walifanya kazi bila kusemeshana, na alipohitaji bisibisi alikuta mkewe ameishika tayari. Alitaka kumwomba radhi. Aliipokea bisibisi akasema asante, na akasema tena asante.

Cherehani wakaiingiza chumbani, wakamketisha Bi Pindo kwenye kiti cha kawaida cha jikoni, kisicho na nondo wala tundu, mbele ya cherehani yake. Aliitambua. Mkono uliotoka kwenye plasta, mwembamba na wenye ngozi iliyopauka, ulipanda juu ya meza ukapapasa mahali pa kupitishia kitambaa. Cheche aliona ule mkono ukipapasa, akasogea karibu.

"Kanyaga, mama," alisema.

Msusi aliiinua miguu, akaiweka kwenye pedeli, mmoja mbele na mmoja nyuma kidogo, kama alivyokuwa akiiweka mwenyewe. Wakangoja. Kidole gumba cha mguu kilicheza, basi.

Cheche akapiga magoti. Akaweka viganja vyake juu ya nyayo za mama yake, akasukuma mbele, akarudisha nyuma. Gurudumu likagoma, likakubali, likazunguka. Ukaja ule mlio. Mlio ule ule aliolala nao utotoni, ukajaza chumba, na majirani waliokuwa uani wakanyamaza kuusikiliza. Akasukuma haraka zaidi, jasho likimtoka, akiinua uso kumtazama mama yake.

"Unasikia, mama? Ni wewe hiyo! Si unakanyaga? Ni wewe!"

Bi Pindo alimtazama kutoka juu. Alimtazama kwa upole mwingi, kama mtu aliyemhurumia mtoto aliyejitahidi.

"Ni wewe hiyo, mwanangu," alisema. "Mimi nimepumzika."

Viganja vya Cheche vikasimama. Gurudumu lilizunguka kidogo lenyewe, kisha likatulia. Aliweka paji la uso juu ya magoti ya mama yake na mabega yakaanza kumtikisika.

Msusi alikaa chini sakafuni, upande wa pili wa pedeli. Aliushika mguu wa kushoto.

"Shika wa kulia," alimwambia mumewe. "Twende tena."